Nyumba ya Viwavi kwenye Shavu la Mtoto

Ilipopasuka ilitoa sauti ya mfuko wa simenti. Sisemi mfuko mtupu unaoburutwa na upepo barabarani. Nasema ule mpya, mgumu, fundi anapouchana kwa ncha ya mwiko na karatasi zake zikaachana moja baada ya nyingine: kraa, kimya kidogo, halafu kraa tena. Hapa Likasi, kusini mwa Kongo, sauti hiyo tunaijua tangu utotoni, maana simenti inatoka Kakontwe, jirani tu, na kila aliyepata kidogo anajenga. Lakini siku ile nilikuwa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, nyuma ya nyumba yetu, mtaa wa Panda, na kitu nilichokuwa nakichana kwa kisu cha jikoni hakikutoka kiwandani. Ilikuwa nyumba ya viwavi.

Nilishtuka, nikaiweka chini kwanza. Ukubwa wake ulikuwa kama wa papai dogo, rangi ya chai ya maziwa. Nilitegemea kukuta pamba. Nje kweli kulikuwa na utando laini unaonata, lakini chini ya utando ilikuja karatasi, karatasi kabisa, tabaka juu ya tabaka, ngumu, inang'aa kidogo kwa ndani. Nikajiuliza nani aliwafundisha wadudu kutengeneza karatasi, na sisi shuleni daftari tulikuwa tunagawana wawili wawili. Nikaendelea kuchana. Chini ya karatasi ndipo ikaja sufu yenyewe, nyepesi, rangi ya asali, na katikati ya sufu vyumba: vifuko vidogo vidogo vimebanana, na ndani ya kila kifuko mmoja amelala. Kahawia, hana miguu wala macho. Nilipomgusa wa kwanza alizungusha mkia wake polepole, nami nikaachia kisu.

Niliwajua hao. Nilikuwa nimewafuata miezi saba.

Nyuma ya mtaa wetu, pale wanawake wanapofulia, kuna mti wa matunda madogo meusi ambayo ndege huyapigania. Asubuhi moja ya Novemba, baada ya mvua za kwanza, nilikuta nondo wamekaa chini ya majani yake. Walikuwa weupe wa maziwa, na mistari ya kahawia mabawani kama mtu aliyechora mipaka ya viwanja. Mmoja wao, jike, alikuwa na kishungi cha manyoya mkiani, na alikuwa akitaga. Anaweka mayai, anasugua mkia juu yake, manyoya yanabaki pale. Anaweka mengine, anasugua tena. Aliendelea hivyo mpaka rundo lote likafunikwa kama kwa blanketi, na yeye mkia ukabaki na upara. Nilirudi siku ya pili na ya tatu. Sikumwona akila hata mara moja. Siku ya nne nilimkuta chini ya mti, mwepesi kuliko ganda la karanga.

Siku ile ya kwanza nilikimbia nyumbani kumweleza mama. Mama alinisikiliza huku anapepeta unga.

"Anatosha nywele zake anafunika batoto?"

"Njo vile, mama. Minye mwenyewe niliona."

"Ee. Na nguo?"

"Ziko ndani ya beseni."

"Umezifula?"

"Si zote."

"Basi ule mama wa dudu iko na akili kukupita weye. Yeye alimaliza kazi yake."

Februari majani ya ule mti yalianza kutoboka. Viwavi walikuwa wadogo, wenye nywele ndefu nyembamba, wanakula wamejipanga bega kwa bega kama watoto kwenye benchi la kanisa. Mwezi wa nne walikuwa wamenenepa, na wakaanza kutembea. Hapo ndipo nilipowapenda kabisa. Wanashuka shina kwa safu moja, kichwa cha huyu kwenye mkia wa huyu, sijui mamia mangapi, wanavuka kwenda tawi lingine. Siku moja nilimtoa mmoja wa katikati kwa kijiti ili nione watafanyaje. Aliyekuwa mbele yake akasimama. Wa mbele zaidi akasimama. Safu nzima ikasimama hadi juu, mmoja mmoja, kama treni ya madini inapofunga breki. Nilimrudisha haraka mahali pake, na walipoanza kutembea tena nilikuwa na machozi. Wanawake wa kufua walinicheka hadi wakakaa chini.

Mwezi wa tano walikusanyika wote kwenye panda moja ya tawi, wakaanza kufuma pamoja. Baada ya siku chache hakuna kiwavi hata mmoja aliyeonekana. Ulibaki uvimbe wa rangi ya chai, na uvimbe mwingine kama huo kwenye matawi mawili, matatu ya pembeni.

Wakati huo nilikuwa najifunza kushona kwa mama mmoja mwenye mashine tatu, na mwenzangu wa pale alikuwa amenionyesha kwenye simu yake video ya wanawake wa nchi ya mbali wanachemsha vifuko vya viwavi na kuvuta uzi. Hariri. Kitambaa kile ambacho mabibi harusi wakubwa wanavaa. Nililala na wazo hilo, nikaamka nalo. Nikaanza kuongea nyumbani juu ya hariri ya Likasi: kwamba dunia nzima inajua mji wetu kwa mawe tu, kumbe kuna kitu kwenye miti. Nikaongea juu ya kiwanda, juu ya lebo ya kushona kolani.

Aliyenisikiliza mpaka mwisho alikuwa shemeji yangu. Yeye na yaya wangu, dada yangu mkubwa, walikuwa wameoana mwaka uliopita na walikaa nasi kwenye chumba cha pili. Shemeji alikuwa mchimbaji, wale wa kujitegemea, wanaoshuka shimoni kwa kamba na kupandisha mawe ya kijani kwenye mifuko. Alikuwa anarudi jioni na vumbi la kijani kwenye nyusi, na kabla ya kunawa anauliza, "PDG, kampuni iko namna gani?" PDG ndiye mkubwa wa kampuni. Mpaka leo ananiita hivyo, hata mbele ya wageni, huku amembeba mwanawe mabegani na mtoto anamvuta masikio. Naandika hilo mapema ili msomaji asiogope kupita kiasi. Mimi siku zile sikuwa na wa kunitangulizia habari.

Ni yeye aliyenipa glavu. Kulikuwa na baridi ya mwezi wa sita, naenda kukata zile nyumba mtini, naye akasema miiba na siafu haviheshimu wakurugenzi. Glavu zake za kazi, ngozi ngumu, zimekaa umbo la mikono yake. Nilizivaa kukata nyumba mbili, nikazivaa kuchana, na juu yake nilikuwa na sweta lenye mikono mirefu. Nilipanga kumshonea yaya kitu. Alikuwa karibu kujifungua, mtoto wa kwanza, mjukuu wa kwanza wa mama yangu, na mtoto wa Julai anazaliwa katika baridi. Nikasema kitambaa kitakuja baadaye; kwanza nianze na mto mdogo wa kulalia kichwa.

Wale waliolala niliwatoa mmoja mmoja. Mama alikuja akachungulia.

"Unabatupa? Ile ni nyama."

"Mama, bako bazima."

"Na kuku ya Noeli haikukuwa nzima?"

Niliwaweka kwenye boksi la viatu, nikawafunika kwa majani nikidhani watamalizia usingizi wao humo. Kesho yake sisimizi walikuwa wamefika kabla yangu. Nilifunga boksi, sikumwambia mtu, na kwa siku mbili sikugusa kazi.

Halafu nikaendelea, kwa sababu niliona ni vibaya zaidi wafe bure. Sufu ya nyumba ya kwanza niliichemsha kwenye maji ya majivu, kama nilivyoelewa kwenye video. Ilijikusanya ikawa donge, kama ngozi ya mbuzi iliyolowa. Basi ya nyumba ya pili sikuichemsha. Niliikung'uta, nikaianika juani siku tatu, nikaikung'uta tena, nikaijaza kwenye kipande cha popelini nyeupe niliyopewa kazini. Ilikuwa laini mno. Ukibonyeza inarudi yenyewe, na ina joto.

Vifundo vya mikono viliniwasha sana siku zile, pale glavu zilipoishia. Nikasema: ni vumbi la madini ya shemeji. Nilisema hivyo moyoni, bila kufikiri, jinsi mtu anavyosema jua linachoma. Sisi hapa tumekua tukiona miguu ya wanaoosha mawe inapasuka, macho ya wachimbaji yanakuwa mekundu. Kitu kikikuwasha Likasi, unajua kimetoka wapi.

Mtoto alizaliwa, mvulana, ana nywele mpaka kwenye paji. Yaya alipouona mto alilia. Mama aliupitisha kwa majirani, kila mmoja anaubonyeza. Jirani mmoja aliuliza kama nitamtengenezea na yeye, nami nikamwambia asubiri msimu, kampuni bado ina mtambo mmoja. Usiku ule wa kwanza nilipitiwa na usingizi nikitabasamu, na nadhani ndiyo mara ya mwisho kulala hivyo kwa muda.

Siku ya nne vipele vilitoka. Shavu la kulia, kuanzia sikio hadi pembe ya mdomo, vidogo vyekundu vimesimama. Siku ya tano vikaungana. Mtoto alikuwa analia kilio ambacho hakina pumzi katikati, anageuza kichwa huku na huku akijisugua, na kadiri anavyojisugua ndivyo vinavyozidi. Yaya alimpeleka dispensari. Muuguzi aliuliza baba wa mtoto anafanya kazi gani. Yaya akasema anachimba. Muuguzi akasema ni aleji, akatoa mafuta ya kupaka, akasema vumbi lisimfikie mtoto. Hakukosea. Hakuna aliyemwambia kuhusu mto. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kumwambia.

Jioni tulikaa sote sebuleni. Yaya alikuwa amemshika mtoto na anatazama ukuta.

"Mutoto wangu iko hivi juu ya nini? Minye ninamwosha na maji ya kuchemsha. Nguo zake napiga pasi. Ni nini yenye sikufanya?"

Hapo ndipo niliposema. Nilitaka kumtuliza asijilaumu. Nikasema, "Yaya, si weye. Hata minye, nilipovaa glavu za shemeji, mikono iliniwasha mpaka leo. Tazama." Nikawaonyesha vifundo vyangu.

Wote wakatazama vifundo vyangu. Kisha wote wakatazama mikono ya shemeji, iliyokuwa juu ya magoti yake. Naye pia akaitazama. Aliigeuza, akaona viganja, akaigeuza tena.

"Njo vile," akasema. "Ni minye."

Baba yetu alikohoa. Mama akasema, "Hakuna mutu anasema ni weye."

"Mama, haiko kitu ya kuficha. Nabeba sumu, kisha namukamata mwana. Ni minye."

Nilishtuka jinsi ilivyokuwa haraka. Nilikuwa nimetegemea abishe, aseme anaoga kila siku, aseme wachimbaji wengine wana watoto wazima. Badala yake alisimama, akatoka, na kuanzia jioni ile hakuingia tena chumbani. Alilala kwenye jiko la nje. Alikuwa anaosha mikono kwa mchanga na sabuni ngumu ya kufulia mpaka ngozi inatoka, halafu anakuja kusimama mlangoni, mikono nyuma ya mgongo kama mwanafunzi aliyeadhibiwa, na kutoka pale anamtazama mwanawe. Mara moja mtoto alipiga chafya, na shemeji akarudi nyuma hatua tatu.

Vipele havikupungua. Tukasema sumu imekwisha kuingia ndani ya nyumba. Baba akaleta chokaa, tukapaka kuta zote za chumba, tukasugua sakafu mara mbili. Mtoto tulimhamishia chumba cha kwanza, kwetu na mama, pamoja na vitu vyake visafi: blanketi lake, kofia zake, mto wake. Mto nilimlaza mimi mwenyewe juu yake. Nakumbuka nilimbembeleza kwa kumwambia kwamba angalau pale kuna ulaini.

Siku ya kumi na moja jicho la kulia lilifumba kwa uvimbe. Yaya alipiga kelele moja fupi. Shemeji aliliona kutoka mlangoni. Alhamisi alimwita baba kando, na baba akaja kutuambia: shemeji anaacha shimo na anaondoka. Ana mjomba anayevua samaki kule ziwani, Tshangalele. Ataenda Jumatatu asubuhi, atakaa huko mpaka mtoto akue, mwaka, miaka miwili, madini yatoke mwilini. Atatuma samaki. Yaya alikubali kwa kichwa. Alikuwa amechoka mpaka angekubali lolote.

Jumamosi mama alinituma sokoni kununua sabuni. Njiani kuna mama anayeuza vinkubala, wale viwavi waliokaushwa tunaowala na bukari, ugali wetu, anawapanga kwa makopo. Ananijua kwa sababu ya wanawake wa kufua. Habari ya mimi kulilia safu ya viwavi ilikuwa imefika soko zima.

"Shangazi ya dudu," akaniita. "Familia yako ya kule mutini bajambo?"

Nikacheka kidogo kwa adabu. Kisha nikauliza, sijui kwa nini, labda kwa kutaka kuongea juu ya kitu kingine kabisa, "Wale benye kutembea mustari, nabo batu banabakulaka?"

"Banabakulaka. Lakini si kama hizi zangu. Ile kwanza unatia ndani ya majivu ya moto, unageuza, unageuza, mpaka nywele yote inaungua. Usipofanya vile, mudomo inavimba kama mandazi."

"Juu ya nywele?"

"Juu ya nywele. Inaingia ndani ya ngozi, hauioni, inakula."

"Na nyumba yao?"

Aliacha kupanga makopo. "Nyumba usigusake, mwanangu. Ile dudu ikitaka kulala inavua nguo. Nywele yote inabaki mule ndani. Umeshaona ndege inatoboa ile kitu?"

"Hata ile sufu ya katikati? Ile laini?"

"Laini njo mubaya kabisa. Unafikiri batalala miezi sita bila mulinzi?"

Niliona ule mkia wa nondo ukisugua, ukisugua. Nilikuwa nimeona kila kitu kwa macho yangu, tangu Novemba, hatua kwa hatua, na sikuelewa hata hatua moja. Nilidhani ni blanketi. Niliona mama anawafunika watoto wake nikasema ni huruma, na ilikuwa huruma kweli, lakini huruma yenye meno, iliyokusudiwa ndege, nyani na mtu kama mimi. Na mimi nikaichukua nikamlaza mtoto wa yaya juu yake, shavu la kulia. Ndiyo, kulia. Upande anaopenda kulalia. Baba yake alikuwa anambeba shavu la kushoto likilalia bega lake, na shavu hilo lilikuwa safi siku zote. Tuliliona, sote watano kwa macho yetu, na hakuna aliyeuliza.

"Pesa yako unapoteza," yule mama akasema, maana noti ya sabuni ilikuwa imeanguka.

Nyumbani niliuchukua mto kitandani kabla ya kuvua viatu. Nikaufunga ndani ya mfuko wa plastiki. Nikawaeleza mama na yaya kila kitu, maneno yanapishana. Mama alinisikiliza. Yaya alinisikiliza na mtoto mikononi, jicho moja la mtoto limefumba.

"Ile kitu laini?" yaya akasema. "Ile ndiyo kitu moja tu nzuri yenye alikuwa nayo."

"Yaya, njo yenyewe."

"Unasema hivi juu unamupenda shemeji yako. Hata minye ninamupenda. Minye njo bibi yake."

"Weye mwenyewe ulituonyesha mikono," mama akasema, bila ukali. "Ulisema ni glavu. Leo ni dudu. Kesho?"

"Mto tutatosha, tutatupa," yaya akasema. "Sawa. Lakini na yeye aende. Kama ni mto, kama ni madini, vyote viende. Sitacheza na jicho."

Nilifahamu hesabu yake na sikuweza kumlaumu. Lakini kama mto na baba vingeondoka pamoja, shavu lingepona, na kila mtu angejua limepona kwa sababu ya baba. Angebaki ziwani. Angekuwa mtu anayejua mwilini mwake kwamba yeye ni sumu ya mwanawe, na angejua hivyo kwa sababu mimi nilionyesha vifundo viwili vya mikono. Nilimtafuta jikoni nimwambie. Alikuwa anafunga begi.

"PDG," akasema, "usijisumbue. Hata bosi anakosea hesabu ya bilan."

"Si madini, shemeji. Nakuambia."

"Ukinionyesha, nitakaa." Akavuta zipu. "Lakini usinionyeshe juu ya ngozi ya mwana."

Jumapili wote walienda kanisani, hata yaya na mtoto, ili waombewe kabla ya safari. Shemeji alitembea nyuma yao hatua nyingi. Mimi nilisema nitabaki na maharage. Nyumba ilinuka chokaa. Nilichemsha maji, nikajisugua mikono kwa sabuni mpaka begani, nikanawa uso na shingo, nikajikausha kwa taulo safi. Kisha nikakaa juu ya mkeka, nikafungua ule mfuko wa plastiki.

Nilikunja mkono wa kushoto na kuubana mto kwenye kiwiko, upande wa ndani, ngozi laini isiyoota kitu. Nikausugua kidogo, jinsi mtoto anavyozungusha kichwa akitafuta titi. Nikangoja. Kwa muda hakukuwa na kitu. Nikasikia kutoka mbali watu wanaimba wimbo wa pili, wa tatu. Nilijikuta naomba kiwiko kiwe safi, ili nisiwe mimi. Halafu naomba kivimbe, ili asiwe yeye. Sikuwahi kujua kwamba mtu anaweza kuomba maombi mawili hayo kwa pumzi moja.

Ukaja mchomo mmoja, kama cheche. Kisha mingi. Nilipoinua mto ngozi ilikuwa imesimama kwa vipele vyekundu, umbo la mto kamili, na nilijua ni vile vile nilivyovikodolea macho shavuni kwa mtoto tangu siku ya nne.

Nilitaka kuishia hapo. Nilikuwa tayari nimesimama. Lakini nikafikiri watakaporudi, na mama akisema mikono, siku zote ni mikono, mikono ilivaa glavu. Shavu langu halikuwahi kugusa glavu ya mtu yeyote.

Nikakaa tena kwenye mkeka. Nikauweka mto chini, nikainyoosha popelini kwa kiganja, nikasukuma nywele zangu nyuma ya sikio, nikalala ubavu na kulaza juu yake shavu la kulia.